Merelanaiti

Merelanaiti (huandikwa pia merelaniiti) ni madini adimu ya rangi ya kijivu iliyokolea, yenye mng'ao wa metali, inayopatikana katika machimbo ya tanzanaiti karibu na mji wa Mirerani, Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Kikemia ni sulfidi ya molibdeni, risasi, vanadi na antimoni. Fomula yake ni Mo4Pb4VSbS15. Ilikubaliwa kuwa spishi mpya ya madini mwaka 2016, na Jumuiya ya Kimataifa ya Madini (IMA) iliichagua kuwa madini ya mwaka huo.

Haina matumizi yoyote kiwandani, wala haiwezi kukatwa kuwa kito cha pete au mkufu. Mtu anaweza kuwa na sampuli yake mkononi asiione, kwa kuwa mara nyingi ni vinyuzi vyembamba kama nywele vilivyosimama juu ya madini mengine. Hata hivyo makumbusho na wakusanyaji wa sampuli za madini katika nchi mbalimbali huitafuta.

Umbo na muundo

Fuwele za merelanaiti huwa na umbo la mcheduara mwembamba. Unene wake kwa kawaida ni makumi kadhaa ya maikromita (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani haupiti sana unene wa unywele wa binadamu. Urefu hufikia milimita moja, ingawa vinyuzi vichache vimeonekana vyenye urefu wa milimita 12. Densiti yake iliyokokotolewa ni takriban gramu 4.9 kwa sentimita ya ujazo.

Kinyuzi hicho si kipande kimoja kigumu kama msumari. Kikitazamwa kwa hadubini ya elektroni kinaonekana kuwa ni tabaka nyembamba zilizoviringika, mithili ya mkeka uliokunjwa baada ya wageni kuondoka. Sababu iko katika muundo wa atomi. Merelanaiti hujengwa kwa tabaka za aina mbili zinazopishana: tabaka moja inafanana na sulfidi ya risasi, ambamo atomi hupangwa karibu na mraba, na nyingine inafanana na sulfidi ya molibdeni, ambamo atomi hupangwa kwa pembesita. Vipimo vya tabaka hizi mbili havilingani sawasawa. Mtu akibandika karatasi mbili za vipimo tofauti kidogo na kulazimisha kingo zake zikutane, karatasi zitajipinda. Jambo la namna hiyo husaidia kueleza kwa nini tabaka za madini haya hujiviringisha badala ya kulala bapa.

Kwa sababu ya muundo huo merelanaiti imewekwa katika kundi la silindraiti. Silindraiti yenyewe ni sulfidi ya risasi, bati, chuma na antimoni iliyoelezwa kwanza mwaka 1893 kutoka Poopó, nchini Bolivia, na jina lake linatokana na umbo lake la mcheduara. Tofauti kubwa ni kwamba katika merelanaiti molibdeni ni sehemu ya lazima ya muundo.

Asili yake ardhini

Mwamba wa Mirerani ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, eneo refu la miamba ya kale linalopita mashariki mwa Afrika. Miamba hiyo ilibanwa na kupashwa joto wakati vipande vya ganda la dunia vilipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kabla ya hapo sehemu yake ilikuwa tope la chini ya maji lenye mabaki mengi ya viumbe. Tope la namna hiyo, likikosa oksijeni, hushika sulfuri pamoja na metali kama vanadi na molibdeni. Joto na kanieneo viligeuza kaboni ya viumbe kuwa kinywe, ambayo hadi leo huchafua mikono, nguo na nyuso za wachimbaji wa Mirerani kwa weusi wake unaong'aa. Tope lenyewe likawa mwamba wa gneisi.

Baadaye maji ya moto yaliyopita katika nyufa za mwamba yalibeba elementi hizo na kuziacha katika mifuko na mianya, na humo fuwele zikapata nafasi ya kukua. Vanadi iliyoingia katika zoisaiti ndiyo iliyoleta rangi ya buluu ya tanzanaiti. Iliyoingia katika ganeti ilileta rangi ya kijani ya tsavoraiti. Sehemu ndogo kabisa ya vanadi hiyo, pamoja na molibdeni na risasi, ilifanyiza vinyuzi vya merelanaiti. Kwa hiyo kito maarufu na kinyuzi kisichoonekana vizuri bila hadubini vimetoka katika tope moja.

Madini yanayopatikana pamoja na merelanaiti ni tanzanaiti, prenaiti, stilbaiti, chabazaiti, tremolaiti, diopsidi, kwatzi, kalsaiti, kinywe, alabandaiti na wurtzaiti. Orodha hii ni muhimu kwa anayetafuta sampuli: kinyuzi cha kijivu kilicho peke yake hakimwambii mtu kitu, bali kikiwa juu ya prenaiti au kando ya alabandaiti kutoka Mirerani kinastahili kuchunguzwa.

Utambuzi na jina

Tanzanaiti ilianza kujulikana mwaka 1967, na jina lake la kibiashara lilitolewa mwaka uliofuata na kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani. Tangu wakati huo mawe ya Mirerani yalipita mikononi mwa maelfu ya watu, na kwa karibu miaka hamsini hakuna aliyesema kwamba vinyuzi hivi ni madini mapya. Mtazamaji angeweza kuvidhania kuwa kinywe au molibdenaiti, madini mawili ya kijivu yanayojulikana sana. Hili ni jambo la kawaida katika elimu ya madini. Vitu vipya vingi havikufichika ardhini, vilikuwa kabatini.

Uchunguzi uliongozwa na John A. Jaszczak, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, Marekani, ambaye pia hushughulika na Makumbusho ya Madini ya A. E. Seaman na aliyejulikana hapo awali kwa utafiti wa fuwele za kinywe. Alishirikiana na wataalamu wengine, akiwemo Luca Bindi wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, na Michael Rumsey wa Makumbusho ya Historia ya Asili mjini London.

Ili madini yahesabiwe kuwa spishi mpya haitoshi kusema kwamba hayafanani na mengine. Watafiti wanapaswa kuonyesha elementi zilizomo na viwango vyake, kupima mpangilio wa atomi kwa eksirei, kisha kupeleka maelezo hayo kwa kamati ya IMA inayopiga kura. Sampuli iliyotumiwa lazima iwekwe katika makumbusho ya umma ili mtu mwingine aweze kuirudia. Pendekezo la merelanaiti lilipewa namba IMA 2016-042, na makala kamili ilichapishwa mwaka huohuo. Sampuli ya aina ya madini haya imehifadhiwa London.

Jina linatokana na Merelani, namna mojawapo ya kuandika jina la mji ambao Watanzania wengi huuita Mirerani au Mererani. Waliolitoa walieleza kwamba walikusudia kuwaheshimu wachimbaji wa huko. Uamuzi huo unafaa kuangaliwa, kwa maana madini mengi hupewa majina ya maprofesa, matajiri wenye mikusanyo au viongozi. Tanzania ina mfano wa aina hiyo pia: nyerereaiti, kabonati ya sodiamu na kalsiamu kutoka Mlima Oldoinyo Lengai, ina jina la Julius Nyerere.

Mkusanyaji na sonara

Ili kuelewa mvuto wa merelanaiti, ni lazima kwanza kutenganisha watu wa aina mbili wanaonunua mawe. Sonara anataka jiwe safi litakalokatwa na kung'arishwa. Umbo la asili halimsaidii, na mwamba ulioshika jiwe ni uzito wa bure. Mkusanyaji wa sampuli anataka kinyume chake. Anataka fuwele jinsi ilivyokua, kingo zake zikiwa nzima, ikiwezekana ikiwa bado imekaa juu ya mwamba mama pamoja na madini mengine. Kwake yeye kukata fuwele kamili ni kuiharibu.

Tanzanaiti yenyewe inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Fuwele nyingi zinapotoka ardhini huwa na rangi ya kahawia au kijani kibichi iliyochanganyika, na huonyesha rangi tofauti zikigeuzwa pande tatu. Mawe mengi huchomwa kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi ili kahawia iondoke na buluu ibaki. Kwa sonara hilo ni pambo. Kwa mkusanyaji, fuwele ambayo haijachomwa mara nyingi ndiyo yenye thamani, na akidanganywa katika hilo hulalamika kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Isitoshe, stilbaiti na chabazaiti zina maji katika muundo wake, na moto huyafukuza, hivyo jiwe lenye madini hayo likichomwa zima hupoteza sehemu ya kile kilicholifanya liwe sampuli.

Nje ya tanzanaiti, Mirerani inajulikana kwa wakusanyaji kutokana na ganeti za kijani, diopsidi angavu, prenaiti ya manjano na kijani, pamoja na fuwele za wurtzaiti na alabandaiti ambazo ni miongoni mwa zilizo bora kabisa duniani. Mawe haya huonekana katika maonyesho makubwa ya madini kama yale ya Tucson, Marekani, kila mwanzo wa mwaka, Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa, na Munich, Ujerumani.

Merelanaiti ina wapenzi wa namna yake. Haipendezi ukutani wala mezani sebuleni. Wanaoitaka ni hasa wakusanyaji wa sampuli ndogo, watu wanaofanya kazi kwa hadubini na kuhifadhi kila kipande katika kisanduku chenye ukubwa wa kiberiti. Kwao uzuri unaanza pale jicho la kawaida linaposhindwa. Wapo pia wanaokusanya kwa spishi, yaani wanaojaribu kupata kipande kimoja cha kila madini yanayotambuliwa duniani. Idadi ya spishi hizo imefikia takriban 6,000, nyingi zikiwa zimepatikana mahali pachache mno, hivyo hakuna anayemaliza. Kwa kundi hili merelanaiti ni ya lazima, kwa sababu ilitambuliwa Mirerani na kila atakayeitaka huanza kutazama huko. Kundi la tatu hutafuta sampuli kutoka mahali penyewe palipotoa maelezo ya kwanza ya madini fulani, na kwa merelanaiti sharti hilo hutimia bila taabu.

Jambo ambalo wageni wa shughuli hii hawalitambui ni uzito wa kikaratasi. Sampuli isiyo na maelezo ya ilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama fuwele ni nzuri. Kikaratasi kizuri hutaja jina la madini, mgodi au kitalu, mji, wilaya na nchi, na ikiwezekana mwaka. Kuandika "Arusha" kwa jiwe la Mirerani leo ni kosa: Simanjiro iko Manyara, na Arusha ni mahali mawe yalikouziwa.

Wachimbaji na mawe yanayotupwa

Machimbo ya Mirerani yamegawanywa katika vitalu A, B, C na D. Kitalu C kilikuwa cha uchimbaji mkubwa, na B na D vimekuwa hasa vya wachimbaji wadogo. Wachimbaji huitwa wanaapolo. Hushuka katika mashimo yanayofuata mkanda wa mwamba hadi mamia ya mita chini, na wengi kwa miaka mingi wamefanya kazi bila mshahara, wakipewa chakula na ahadi ya mgawo jiwe litakapopatikana. Hatari si ya kusimuliwa tu: mafuriko ya mwaka 1998 na ya mwaka 2008 yaliua makumi ya watu waliokuwa ndani ya mashimo. Mwezi Aprili 2018 Rais John Magufuli alizindua ukuta wenye urefu wa kilomita 24.5 kuzunguka eneo hilo kwa lengo la kuzuia utoroshaji wa tanzanaiti.

Katika mazingira hayo macho yote yanatafuta buluu. Jiwe hupimwa kwa gramu na kuuzwa kwa usafi na rangi. Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kulipata ni kuligonga ili mwamba utoke. Kalsaiti, prenaiti, stilbaiti na sulfidi za kijivu huishia kwenye kifusi. Juu ya kifusi hicho hukaa wachekechaji, wengi wao wanawake, wakitafuta vipande vidogo vya tanzanaiti vilivyowapita watu wa mgodini. Hawana lenzi, na hakuna aliyewaambia kwamba jiwe la kijani lisilokatika kuwa kito linaweza kuwa na mnunuzi.

Si sahihi kudai kwamba kila kifusi kina utajiri. Sampuli nyingi za merelanaiti zina bei ndogo ukilinganisha na tanzanaiti safi, na soko la wakusanyaji ni dogo na lenye kuchagua. Hasara iko kwingine. Kikundi kamili cha fuwele za tanzanaiti juu ya mwamba mama, pamoja na prenaiti na kinywe, kikigongwa ili kupata gramu chache za kukata, hakiwezi kurudishwa. Na mara nyingi kingeuzwa kwa bei kubwa kuliko vipande vyake. Mchimbaji anayejua hilo husita kabla ya kuinua nyundo. Asiyejua hana sababu ya kusita, na tofauti ya bei humfaidi broka au mfanyabiashara wa mbali aliyepata kipande kilichonusurika.

Udanganyifu upo pia. Fuwele iliyovunjika hubandikwa kwa gundi juu ya mwamba usio wake, au vipande viwili huunganishwa na nyufa kufunikwa kwa unga wa kinywe. Mnunuzi mwenye lenzi ya mkononi ya ukuzaji mara 10 na taa ndogo huweza kuona mstari wa gundi. Taa ya miali ya urujuanimno husaidia zaidi, kwa sababu gundi nyingi hung'aa chini yake. Kwa merelanaiti udanganyifu wa namna hiyo ni mgumu, kwani hakuna mkono wa kubandika kinyuzi kisichoonekana. Tatizo lake ni lingine: kuuziwa molibdenaiti au kinywe kwa jina la merelanaiti. Uthibitisho wa uhakika huhitaji maabara, kwa kupima elementi zilizomo kwa hadubini ya elektroni. Muuzaji mwaminifu husema wazi kama kipimo hicho kimefanyika au la.

Utunzaji

Merelanaiti ni laini na vinyuzi vyake hupinda au kukatika kwa kuguswa. Sampuli haifai kusuguliwa kwa brashi, wala kuwekwa katika mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Vumbi likishaingia kati ya vinyuzi ni vigumu kulitoa, hivyo kisanduku chenye kifuniko kinahitajika tangu siku ya kwanza.

Kuna desturi ya kuondoa kalsaiti kwa asidi ili fuwele zilizofunikwa zionekane. Kwa mawe ya Mirerani jambo hili lina hatari, kwa sababu alabandaiti ni sulfidi ya manganisi na huyeyuka katika asidi hidrokloriki. Dalili yake ni harufu ya yai viza, yaani gesi ya sulfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Anayeisikia ameshaanza kupoteza sampuli na anapaswa kutoka penye hewa mara moja. Alabandaiti huharibika pia polepole hewani: uso wake mweusi unaong'aa hugeuka kuwa wa kahawia na kufifia, hasa penye unyevu. Nyerereaiti ni dhaifu zaidi, kwani hubadilika haraka kwa unyevu wa hewa, na anayeitunza lazima aifungie mahali pakavu kabisa. Merelanaiti haina usumbufu wa kiasi hicho. Ikiachwa bila kuguswa, hukaa.

Spishi nyingine ya Mirerani

Mwaka 2020 Bindi na Jaszczak walichapisha maelezo ya madini mengine mapya kutoka machimbo hayohayo. Yaliitwa richardsaiti, sulfidi ya zinki, shaba na gali yenye fomula Zn2CuGaS4. Gali ni elementi ambayo ni nadra kuwa sehemu ya lazima ya madini yoyote.